Mlisema Nimlete

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu umepunguza kukusumbua. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio unachemka, na nisipoandika leo nitapasuka.

Umeniuliza kwa nini Kitinda wetu hapokei simu. Nitakujibu, ila kwanza nivumilie nikueleze ya kazini.

Pale kliniki ya wajawazito tuna utaratibu: anayekuja na mwenzi wake anaingia kwanza, na asiye naye anaambiwa akamlete. Nia ilikuwa njema, wanaume nao wapimwe. Basi wiki iliyopita alikuja mtoto wa darasa la sita, peke yake, na sketi ya shule iliyofumuliwa kiunoni. Karani wa mapokezi akamwita "mama," kama tunavyowaita wote. Mtoto akageuka nyuma, akidhani anaitwa mtu mwingine. Karani hakushtuka. Alimwambia akamlete baba wa mtoto aliye tumboni, tena asirudi bila yeye. Wanawake kwenye benchi wakacheka, mmoja akasema watoto wa siku hizi wana haraka. Haraka gani, Mama? Yule alitakiwa kuharakia kengele ya shule.

Tunacho chumba cha watoto waliofanyiwa ukatili. Mlangoni kuna bango zuri. Ndani mna maboksi ya glavu na feni mbovu, na ufunguo anao mtu aliye likizo. Nikisema, naambiwa nina mdomo.

Jumatatu mtoto alirudi. Nilikuwa chumba cha vipimo, nikaona ametangulizwa mbele ya foleni nzima, kwa kuwa safari hii hakuwa peke yake. Nyuma yake alisimama mwanamume mwenye shati la bluu, kifungo kimoja cheupe, akijibu kila swali kwa niaba yake. Karani alimsifu kwa kuwa mwanamume anayewajibika. Alimsifu, Mama, mbele za watu.

Nilimtaka mwanamume abaki nje, nikafunga mlango, nikapiga magoti mbele ya mtoto na kumuuliza yule ni nani wake. Akasema ni anko anayechaji simu jirani na kwa bibi yake. Alidhani nitamgombeza.

"Mlisema nimlete," akaniambia. "Nimemleta."

Nililia kwa hasira. Nilimwambia hana kosa lolote. Nikamwita daktari na afisa ustawi wa jamii, nikapiga simu polisi mwenyewe, nikavunja kitasa cha kile chumba ili apate pa kukaa mbali na macho ya watu. Mkuu wetu alinifokea mchana kutwa kwa ajili ya kitasa. Habari za mtoto hakuuliza.

Polisi walipofika niliwaonyesha alipokaa yule mwanamume. Alikuwa akinitazama kama anayengoja nimtetee. Kile kifungo cheupe, Mama, ulikishona wewe, alipokuja kukusalimia ukakosa cha bluu.

Ndiyo maana hapokei simu. Ndugu watakuja kukuambia kwamba nimemuuza mdogo wangu. Waambie ni kweli, ni mimi, na kesho ningefanya vilevile. Watakutaka uende kwa bibi wa mtoto yule ukaombe mambo yamalizwe nyumbani. Usiende kwa ombi hilo. Najua ni kitindamimba wako. Ukienda, nenda ukamwombe radhi, kisha ukae naye.

Mtoto yuko wodini. Daktari anasema nyonga zake bado changa, hivyo ataangaliwa kwa karibu mpaka ajifungue. Jana nilimuuliza angependa tumwiteje. Akasema jina lake tu, kama la kwenye daftari la shule.

Nisalimie wote, hata watakaonichukia. Kunywa dawa zako, usilale na njaa kwa sababu yangu.

Ni mimi binti yako mkubwa, ambaye neno "mama" sasa nimebaki nalo kwa ajili yako tu.