Zuhura wa Cheyo Anaomba Kuacha Kazi

Usinge, 9 Januari 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, na assalaam alaykum. Mimi ni mzima, ila usingizi ndio haupatikani. Magoti yako yanaendeleaje na mvua hizi? Na yale matone ya masikio niliyokuletea, tafadhali yatumie mwenyewe, usimgawie Selemani fundi cherehani. Naandika barua kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho nilipokupigia uliniitikia "waalaykum salaam" mara sita, kisha ukakata.

Kazi huku kituoni imechacha. Tabibu mwenzangu amekwenda masomoni, kwa hiyo matabibu wote wa kituo ni mimi. Malaria imepanda, wajawazito ni wengi, na wakulima wa tumbaku wanakuja na vifua vyao vya kukohoa. Muuguzi mkuu wetu, Marcelina, ni Mmoraviani asiyecheka mpaka saa sita mchana, lakini bila yeye tungekuwa tumeshafunga mlango.

Sasa nikupe habari njema. Wale watu wa Dar wanaotoa hadithi kwenye simu wameipenda hadithi yangu ya mpagazi na Tausi. Wasomaji wengi ni wanawake, wanalia, wanaandika maoni, wanamsifu Zuhura wa Cheyo kwamba anaujua moyo wa mwanamke. Hakuna anayejua kwamba Zuhura ana ndevu na anapima watu shinikizo la damu. Kuanzia Februari wanataka sura moja kila siku. Nimekubali. Nitakuwa naandika alfajiri, na kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Nimekunakilia sura ya nne kwa mkono, Doto kondakta wa basi atakuletea. Isome, na usinionee huruma.

Mjukuu wako,
Nurdini


Tabora, 17 Januari 2024

Mume wangu Nurdini,

Marahaba. Mimi mke wako wa kwanza sijambo. Magoti yananiuma kama kawaida yake. Matone nimempa Selemani nusu tu, maana yeye anasikia zaidi yangu na ni haramu kumwachia mtu mali yake iharibike.

Sura nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nilikasirika. Mpagazi wako ametoka pwani na mzigo wa nguo begani, miezi mitatu anatembea, anafika Unyanyembe, anamkuta Tausi mlangoni pa tembe, na kitu cha kwanza anachofanya ni kumwambia macho yake ni nyota! Nurdini, mimi mjukuu wa mpagazi. Mtu aliyetoka safari ile hana habari na nyota. Anataka maji ya kuoshea miguu. Na Tausi kama anampenda kweli, hasimami mlangoni kurembua. Anainama anaangalia kidole gani kimeoza. Wewe ni tabibu, vidole vilivyooza unavijua, mbona unavificha? Mapenzi ya daftari lako yananukia marashi matupu.

Hilo la hadithi. La pili ni wewe. Sura kila siku? Uji wenyewe sipiki kila siku. Umesema utaandika kati ya mgonjwa na mgonjwa. Huyo mgonjwa wa pili anayesubiri, unamwambiaje? Mimi si msomi, ila nimelala hospitali mara tatu, na najua anayekutibu akiwa na mawazo yake unamwona.

Kula vizuri. Asali nimemkabidhi Doto, usimpe mtu.

Bibi yako na mkeo mkubwa,
Mwanahawa


Usinge, 8 Februari 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi sijui nikuambie ni mzima au si mzima.

Juzi Jumanne asubuhi aliletwa mama mmoja, Yustina, mke wa mkulima wa tumbaku aitwaye Festo. Alijifungua salama, mtoto wa kiume, kisha akaanza kutoka damu nyingi. Haya tunayajua, tunayafanya kila wiki. Nilimtoa damu ya kupima kundi ili aongezewe, nikaandika jina kwenye kichupa, nikakipeleka maabara mbio. Nikarudi kwa mama, tukapambana na Marcelina. Damu ya kuongeza haiji. Tunasubiri, haiji. Mwisho Anton wa maabara akaja na kichupa mkononi akauliza, "Tausi ni nani? Hatuna mgonjwa anayeitwa Tausi."

Bibi, niliandika Tausi. Kwa mkono wangu. Asubuhi ile nilikuwa nimemwacha Tausi analia kwenye sura ya kumi na moja, na mkono ukaandika jina lililokuwa kichwani. Na kichupa kisicho na jina la mgonjwa hakipimwi, ilibidi tumtoe damu upya. Tulipoteza nusu saa. Nusu saa kwa mama anayevuja ni nyingi mno. Alipata damu, gari likamkimbiza Kaliua, na leo tumeambiwa yuko hai. Lakini nilimwona mumewe amekaa kwenye benchi akimpepea mtoto kwa kadi ya kliniki, anampepea tu, hajui kwamba aliyemchelewesha mkewe ni mwanamke wa kwenye hadithi.

Nilimwambia Marcelina ukweli wote. Aliandika kwenye kitabu cha matukio, akasema, "Kanawe mikono, kuna foleni." Afadhali angenitukana.

Nimeamua. Mtu kama mimi hafai kushika sindano. Hadithi ikiharibika hafi mtu. Watu wa Dar wananitaka, basi nitakuwa Zuhura moja kwa moja. Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, ni barua yangu ya kuacha kazi. Mkataba unataka notisi ya miezi mitatu, na barua lazima ifikishwe kwa mkono ofisi kuu ya misheni hapo mjini. Mimi siwezi kutoka kituoni. Nakuomba uipeleke wewe. Marcelina sijamwambia hili, ataambiwa na ofisi.

Nisamehe.

Mjukuu wako,
Nurdini


Usinge, 6 Machi 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. U hali gani? Karibu mwezi mzima sijapata neno lako. Barua uliifikisha? Walikugongea muhuri? Ofisini nako kimya, ila najua pale karatasi hukaa.

Nimempigia Selemani. Anasema bibi hajambo, anakula, anagombana na muuza mkaa, ila nikitajwa mimi anacheka peke yake. Sasa hicho kicheko ni cha nini? Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi.

Nakutakia Ramadhani njema mapema.

Mjukuu wako,
Nurdini


Usinge, 4 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo, shikamoo tena. Tende za futari nilizipokea, na kanzu ya Idi nilipokea na inanikaa vizuri. Barua ndani hamna! Natumaini afya ni nzuri, maana mtu mgonjwa hatumi kanzu.

Nina jambo la kukuomba, na nalisema bila kuzunguka. Nimekosea kuacha kazi. Sitaki kuacha. Nisikilize kwanza.

Tangu siku ile simu yangu naikabidhi kwa Marcelina nikiingia zamu, anaifungia kabatini. Hakuna kichupa kinachoandikwa jina mpaka mgonjwa mwenyewe alitaje, au ndugu yake, na Marcelina alirudie kwa sauti. Wagonjwa wanatushangaa. Mwezi wa tatu nilipewa siku nne za mapumziko, nikasema sasa nitaandika kutwa, nione maisha yajayo yatakavyokuwa. Bibi, siku nne nilipata ukurasa mmoja. Mpagazi alisimama tu, Tausi alisimama tu. Nilirudi kazini, nikamhudumia mzee mwenye kidonda cha mguu ambaye mkewe alimshikia kichwa asikione, na jioni ile niliandika sura nzima ya miguu. Ile uliyoidai wewe. Wasomaji wamelia kuliko siku zote.

Watu wa Dar niliwaambia sura ya kila siku imenishinda, wakitaka wanifute. Nilijua watanifuta. Wakajibu kwamba Ijumaa hadi Ijumaa inatosha, wasomaji watasubiri. Kumbe lililotakiwa ni kusema tu!

Halafu wiki iliyopita Yustina alikuja kliniki na mtoto wake, amenona, na Festo nyuma yake. Nikawaketisha nikawaambia yote, Tausi na kichupa na nusu saa. Yustina alicheka mpaka akamwamsha mtoto. Akasema, "Siku ile mlivyoniuliza jina mara ya pili nilijua sifi. Anayekufa nani anamuuliza jina?" Festo hakucheka. Akasema, "Tabibu, siku nyingine andika la mke wangu kwanza. La huyo mwingine baadaye." Akanipa mkono. Bibi, nililia mbele yao kama mtoto, na sioni aibu kukuambia.

Nilitoka pale nina furaha, nikasema sasa nayaweza yote mawili. Na leo asubuhi, gari limeleta tabibu mpya. Anaitwa Elieza, ametoka Igunga, mpole, viatu vinang'aa. Marcelina amefurahi, anasema tumeletewa msaada. Hajui masikini kwamba msaada huyo ndiye anayekalia kiti changu. Nimemwonyesha kabati la dawa, nimemwonyesha wodi, nimemwonyesha hata kikombe changu cha chai, na kila nilichomwonyesha nilikuwa nakiaga.

Naogopa kuwapigia ofisini, nisije nikasikia tarehe yangu ya mwisho. Wewe ndiye uliyeipeleka barua. Nenda kawaombe, kawaambie mjukuu wako alichanganyikiwa. Ikibidi nitakuja Ijumaa mwenyewe niwapigie magoti.

Nijibu, bibi. Nakusihi.

Mjukuu wako anayetetemeka,
Nurdini


Tabora, 7 Mei 2024

Mume wangu,

Marahaba, na marahaba ya zile barua ulizoamkia bila kuitikiwa. Mimi sijambo, magoti nimeyazoea. Acha kutetemeka. Kunywa maji kwanza, kisha soma.

Barua yako sikuipeleka popote. Iko chini ya godoro langu tangu alasiri ile Doto aliponipa, na mwezi wa Shaaban ukaandama jioni ya kesho yake. Niliifungua, maana sipeleki ofisi za watu nisichokijua, nikaisoma, nikaona ni talaka. Umeiacha kazi yako kwa hasira na hofu, kama waume wote wanavyoacha. Nikaisoma tena nihesabu. Umesema mara moja tu kwamba unaacha, hukusema tatu. Basi talaka moja ina rejea. Nikaikalisha eda, miezi mitatu ya kusubiri.

Unajua kwa nini nazijua sana hizo hesabu? Hili hata mama yako halijui. Mwaka wa sabini na nne babu yako alirudi nyumbani akakuta mlango umefungwa na chungu kimepoa, mimi niko darasani kwenye kisomo cha watu wazima. Akaandika talaka moja kwenye karatasi ya pakiti ya sigara, akaibandika mlangoni. Ikawa barua ya kwanza maishani mwangu kuisoma mwenyewe, bila kusomewa. Nilisoma herufi kwa herufi, nikaelewa, nikajivunia kusoma, kisha nikalia. Nilikaa eda humo humo nyumbani kwake kama sheria inavyotaka. Siku ya arobaini akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Mwanahawa, nimekurejea, chai iko wapi?" Tukaishi miaka thelathini na moja mingine, na kisomo nikamaliza. Lakini siku zile arobaini hakuna aliyemsemesha. Mama yake alikataza. Alisema mwanamume akishaandika, aachwe ajisikie mwenyewe.

Ndiyo maana nilinyamaza. Si kwamba ilikuwa rahisi. Barua yako ya mwezi wa tatu niliijibu mara tatu na mara tatu nikachana. Ningekuambia nimeificha, ungefurahi siku moja, kisha usingejua kama kazi unaipenda au umezuiwa tu na bibi yako. Nikatuma tende. Tende hazina maneno.

Sasa Elieza. Mtoto wa watu hakuja kukalia kiti chako, kwa sababu kiti chako hakuna anayejua kwamba kiliachwa. Amekuja kusaidia, kama alivyosema huyo mama Mmoraviani. Kamnyang'anye kikombe chako. Mwachie zamu za Alhamisi, uandike.

Mwambie Festo nimempa salamu. Huyo mtu ungemtia kwenye hadithi kabla ya wapagazi wote.

Barua yako nakurudishia ndani ya bahasha hii, ichome wewe mwenyewe. Na usidhani nilikuwa nakutania, Nurdini. Shaaban ilipita, Ramadhani ikapita, Mfungo Mosi unaisha keshokutwa mwezi ukiandama. Eda ikiisha mke hazuiliwi. Usingeirejea kazi, ningekwenda ofisini na bakora yangu nikawakabidhi barua, wallahi, na ningelia njia nzima. Jana nilikwishalipiga pasi baibui la kwendea, limening'inia hapa mlangoni. Sasa sijui nilivae niende wapi.

Bibi yako,
Mwanahawa