Fundi Asiyetengeneza Kitu

Jumatatu, 3 Machi

Nimewatimua! Kampuni nzima ya matengenezo, kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya Mama Mwenye Hoteli. Mashine ya kukaushia nguo ilikufa tena asubuhi. Wakaja na gari lao na vicheko vyao, wakasema kuna kifaa kimeungua. Kifaa kilekile walichokibadilisha mwezi uliopita! Damu ikanichemka. Nikawaambia wabebe ngazi yao waende.

Mwenye Hoteli akanitazama kwa juu ya miwani. Sasa nani atatutengenezea? Nikasema nitatafuta mkandarasi wa kujitegemea, mtu mmoja anayejulikana kwa sura, si kampuni ya kutupiana mpira. Akakubali. Miezi mitatu ya majaribio. Ikishindikana, kampuni inarudi na mimi narudi mapokezi.

Mapokezi! Nilikotabasamu mpaka mashavu yakaota sugu. Umeneja wenyewe nimeupata mwaka jana tu. Mdomo huu utaniponza.

Mume wangu amecheka mpaka akakohoa. Yeye ni mpishi mkuu wa hotelini hapohapo – ndiyo, tunaonana nyumbani na kazini, Mungu anisaidie.

Alhamisi, 6 Machi

Usaili. Wamekuja watatu. Wa kwanza: suti, kompyuta, maneno mengi. Hakugusa kitu. Wa pili alifungua kila mashine, akaacha skrubu zimezagaa mezani, akasema zote ni za kutupa na ana shemeji yake anauza mpya. Kwaheri.

Wa tatu ni mwanamke, rika langu, ovaroli safi, mkoba wa vifaa begani. Akaomba stuli. Akakaa jikoni asubuhi nzima, kisha akahamia kwa dobi. Hajafungua mashine hata moja. Anatazama watu! Nikaanza kujuta. Mchana nikamuuliza ameona nini.

"Dada, mashine zenu si mbovu kihivyo," akasema. "Ila mpishi wako anafunga mlango wa chumba cha baridi kwa kisigino, haufungi sawasawa, mtambo unahema usiku kucha. Kwa dobi hakuna anayesafisha kichujio. Mtatengeneza mpaka mchoke."

Mpishi wangu. Kwa kisigino. Hata jokofu la nyumbani analifunga hivyohivyo!

Nimemchukua.

Jumamosi, 8 Machi

Mkataba umesainiwa. Si mwajiriwa wetu: vifaa vyake, ratiba yake, wateja wengine anao. Ila sharti aliloweka mwenyewe limeniacha mdomo wazi. Alipwe ujira uleule kila mwezi, kiharibike kitu kisiharibike. Na mashine ikisimama, siku hiyo akatwe! Nikamuuliza kama ameelewa alichoandika. Akasema wale wa zamani walikuwa wanalipwa kitu kikiharibika, basi vikawa vinaharibika. Akafunga kalamu yangu kwa kifuniko chake, akanirudishia. Nilikuwa nimeiacha wazi.

Jumanne, 18 Machi

Vita jikoni. Fundi ameshapewa jina: Funga Mlango. Amebadilisha mpira wa mlango wa chumba cha baridi, na sasa kila anayetoka lazima ausukume kwa bega, asubiri mpaka ulie "kap!", ndipo aende zake. Mume wangu akasema hakusomea upishi ili aje afundishwe kufunga mlango.

"Shemeji, hukufundishwa. Ndiyo maana nafundisha."

Jiko zima likaangua kicheko. Nyumbani amenuna. Tumekula kimya kama wageni wawili waliokalishwa meza moja. Bibi wa Dobi naye alikuja ofisini kulalamika kwamba yule mwanamke anamwamrisha kama mama mkwe. Nikamwambia avumilie. Na mimi navumilia – nimepigwa marufuku kuweka kikombe cha chai juu ya mashine ya kunakilia.

Ijumaa, 11 Aprili

Balaa! Mwenye Hoteli kapita jikoni kama kawaida yake, kaingia chumba cha baridi kujichukulia zabibu, katoka, kaacha mlango nusu wazi. Funga Mlango alikuwa juu ya ngazi anasafisha feni.

"Mama! Rudi ufunge!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mwenye Hoteli! Anaitwa kama mtoto aliyesahau kunawa mikono! Akarudi. Akausukuma kwa vidole viwili. "Kwa bega, Mama," sauti ikatoka juu. "Subiri ulie." Akasukuma kwa bega, na kanzu yake ya hariri. Kap. Akaondoka bila kuaga.

Jioni kanipigia. Huyo mtu wako ana adabu kweli? Nikasema, ana kazi, Mama. Sijui ujasiri niliupata wapi. Simu ikakatwa.

Sina raha leo.

Jumapili, 27 Aprili

USHINDI! Acha niandike kwa herufi kubwa, daftari ni langu.

Hoteli imefurika watu wa mkutano. Joto la kukaanga mtu. Mashuka yanafuliwa mfululizo, lifti haipumziki, jikoni moto juu ya moto. Hakuna kilichosimama. Hakuna! Kisha nani anavuka barabara, jasho linamtiririka, tai imepinda? Meneja wa hoteli ya jirani. Yuleyule aliyenicheka nilipoajiri "fundi wa mkoba." Chumba chao cha baridi kimekufa. Anaomba nafasi ya nyama yake, tafadhali sana dada yangu. Leo mimi ni dada yake!

Nikachungulia dirishani. Mbele ya mlango wao limeegeshwa gari ninalolijua. La kampuni yetu ya zamani! Niliingia stoo nikacheka peke yangu. Nikacheza kidogo pia.

Nafasi nikampa, ubaya sina. Watu wake wakaanza kubeba nyama, mlango wanauacha unaning'inia. Nani kawakaripia? Mume wangu! "Kwa bega, bwana! Subiri ulie!" Funga Mlango akapita, akamtazama. Mume wangu akajifanya anakoroga mchuzi.

Jumatano, 4 Juni

Mwenye Hoteli kaniita. Amepitia taarifa. Tangu Machi hakuna mashine iliyosimama hata siku moja. Nikakaa mkao wa kupongezwa kabisa, mikono magotini.

Akasema: kama hakuna kinachoharibika, huyu tunamlipa afanye nini?

Nilidhani anatania. Hatanii. Kampuni ya zamani wamempigia, wana maneno matamu, watakuja pale tu kitu kitakapoharibika. Ijumaa majaribio yanakwisha, anamwacha Funga Mlango aende. Na mimi je? Kiti cha mapokezi kipo, akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

Kushinda kote huku, kumbe nimejishinda mwenyewe! Nimelia kidogo bafuni. Mume wangu kagonga mlango, akasema: kesho acheni mashine moja ife. Moja tu. Aone mwenyewe.

Wazo tamu hilo. Tamu mno.

Alhamisi, 5 Juni

Nikamwambia Funga Mlango wazo la mume wangu. Alikuwa kalala nyuma ya mashine ya kufulia, miguu tu inaonekana. Akatoka taratibu, akajifuta mikono.

"Dada, si ndivyo walivyokuwa wanawafanyia wale?"

Akarudi chini. Aibu ilinishika mpaka masikioni. Basi. Kesho tutaingia mikono mitupu.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika ofisini, mlango wazi, jikoni ni pale tu.

Mwenye Hoteli kaja na barua ya kusitisha mkataba, tayari imechapwa, imebaki sahihi. Akasema kwanza azunguke. Hakufika mbali. Bibi wa Dobi kamzibia njia – yeye, mlalamishi mkuu! Kasema wale wakirudi, mashuka atafua nani kwa mkono? Mume wangu akaweka kisu chini. Kasema miezi mitatu hajatupa hata kipande cha nyama, na hao jamaa wakirudi, Mama atafute mpishi mwingine. Huyuhuyu wa kisigino! Nilitaka kumbusu katikati ya masufuria.

Mwenye Hoteli hakutikisika. Kasema anawasikia, lakini huwezi kumlipa mtu kwa jambo ambalo halijatokea. Huku anasema anaingia chumba cha baridi kuchukua zabibu zake. Anatoka, bado anasema, hesabu ni hesabu, hoteli haiendeshwi kwa –

Akaweka bega mlangoni. Akasukuma. Akanyamaza. Akasubiri.

Kap.

– kwa mazoea, akamalizia.

Akalitazama bega lake. Kisha akamtazama Funga Mlango, ambaye alikuwa anakagua dari, mnafiki mkubwa yule! Akatuambia wote tutoke, abaki naye.

Wapo humo mpaka sasa. Barua iko hapa mezani kwangu, haina sahihi. Sikio langu lote liko jikoni lakini wanaongea chinichini. Mume wangu kasimama koridoni, anajifanya anasoma ratiba ya zamu. Mpishi msaidizi kajipenyeza kufuata siagi, namwona anatoka mbiombio na trei –

Mungu wangu. Hiyo ni sauti ya Mwenye Hoteli!

"Wewe! Rudi ufunge! Kwa bega –"