Donatien njo anafundisha mabeki

Katuba, Lubumbashi, lundi

Yaya Philomène mupenzi,

Yambo, dada yangu mukubwa. Uko na afya? Mugongo uliacha kukuuma? Baba analala muzuri? Huku tuko wazima, neema ya Mungu. Bibi yangu anauza makala ya kupikia na ananenepa.

Yaya, niko na kitu ndani ya roho, hata padri sijamwambia.

Unajua vile nilicheza mupira. Balinitoa Kongolo kijana, kisha Likasi, Kolwezi, Kipushi, mwisho hapa; timu ikinichoka, inanipa ingine. Sikufunga bao hata moja, kazi yangu ilikuwa kuzuia. Donatien alikuwa beki pembeni yangu. Yeye anapanda mbele kutafuta sifa, mimi nabaki peke yangu na bale batatu banakuja mbio. Na bantu banaimba: "Donatien! Donatien!"

Sasa timu yetu ya hapa ilitafuta muntu wa kufundisha mabeki. Nilifunga kula, nikasali novena siku tisa, nipate ile kazi. Balichagua nani? Yeye! Balimupa na survêtement mupya ya mazoezi, anaivaa mpaka kanisani.

Wivu ulinishika sawa homa. Kwenye misa anakaa nyuma yangu. Padri akisema tupeane amani, ni lazima nigeuke. Nikahamia upande wa bamama. Banacheka: "Papa Anselme, tukukatie kikwembe ya chama yetu, ujifunge?" Nikakimbilia misa ya kwanza, ile ya Kifaransa, nasikia nusu tu.

Jana naye akakuja misa ya kwanza. Padri hajamaliza neno, Donatien amekwisha kuvuka katikati ya kanisa. Nikamupa vidole viwili. Akashika mukono muzima, akakataa kuuachilia.

"Vieux," akaniambia polepole, "batoto yangu bote banapenda kupanda. Hakuna anayejua kubaki nyuma. Na mimi nitabafundisha nini? Sikubakia hata siku moja, unajua. Kuya mardi, kwa mazoezi."

Koro ikamaliza kuimba, tungali tunashikana.

Nitaenda kesho, Yaya. Muntu ananifuata mpaka mbele ya altare, nifanye nini? Lakini unisalie sana. Bale batoto bakizuia muzuri, ni jina yake njo bataimba, na mimi nitakuwa pale kando, nasikia.

Salimia Baba, kaka yetu seremala na bibi yake, na mama mukwe wangu, umwambie makala inauzwa. Mungu akae mu nyumba yenu.

Mudogo wako anayekupenda,
Anselme