Sentensi Zilizokuwa Rahisi Mno

Jumatatu, 2 Machi
Mwalimu wa darasa ametangaza: kesho mwanasaikolojia anakuja kutupima haiba. Shule ya bweni ya sayansi ina nafasi moja. Kwa alama ninaongoza, kimebaki hicho kipimo tu. Mama mdogo, anayenilea, amesema nisipopata, masomo basi — nitashinda saluni kwake nikiosha vichwa vya watu.
Asubuhi alinipiga shingoni kwa mgongo wa brashi ya nywele. Eti taulo za saluni hazikukauka. Mwalimu aliuliza mbona pamevimba. Nikasema niliteleza bombani. Pole, akasema, uwe mwangalifu.
Nitakuwa mwangalifu.

Jumanne, 3 Machi
Mtaalamu ni mpole. Kwanza kadi zenye madoa ya wino — unaona nini? Niliona kipepeo. Kidoti, jirani yangu wa dawati, eti aliona wanawake wawili wanagombea sufuria, na mtaalamu akacheka.
Halafu picha: mwanamke mlangoni, mtoto mezani. Simulia. Nikasema mama anamwita mtoto waje wale.
Na mkononi ameshika nini?
Sikuwa nimeutazama mkono. Nikasema mwiko. Aliandika kirefu kuliko nilivyosema.

Alhamisi, 5 Machi
Leo karatasi yenyewe. Sentensi mia moja na ishirini: Kweli au Si kweli. Tangu darasa la kwanza tumefundishwa, soma vizuri, tafuta jibu sahihi. Nyingine zilikuwa rahisi mno. "Sijawahi kusema uongo." Kweli. "Sijawahi kumchukia mtu." Kweli. "Nyumbani kwetu hakuna ugomvi." Kweli.
Nilimaliza wa kwanza, nikahakiki mara mbili. Kidoti alichungulia. "We Malaika, hata choo huendi?" Yeye amejaza kwamba hudanganya, hata mama yake humdanganya. Nilimhurumia. Amejiharibia hivi hivi.

Jumatatu, 9 Machi
Mwalimu amesoma majibu mbele ya darasa zima.
Karatasi yangu haifai. Zile sentensi rahisi ziliwekwa makusudi, kunasa waongo, maana hakuna binadamu wa kuzijibu Kweli zote. Zilikuwa kumi na mbili. Nimenasa kwenye zote kumi na mbili. Darasa lilicheka mpaka mwalimu naye akacheka.
Kidoti amesifiwa kwa ukweli. Alinirudishia rula yangu akiishika kwa ncha za vidole. "Shika, dada mwongo, nisiambukizwe." Miaka minne dawati moja!
Mama mdogo hakukasirika hata kidogo. Alifungua kabati akanipa aproni ya saluni. Jina langu limeshonwa kwa uzi mwekundu. Uzi umeshapauka. Ilikuwa tayari siku nyingi.

Jumatano, 11 Machi
Mtaalamu amerudi. Nimemsikia ofisini akimwambia mwalimu: mtoto anayejibu hivi ama ni mwongo kweli, ama kuna mtu anamwogopa. Ataniuliza upya kwa mdomo. Nikijibu bila kuficha, jina langu linarudi kwenye orodha.
Nilifurahi kama mjinga. Utaratibu unataka mzazi awepo. Wakamwita mama mdogo.
Amekuja ananukia vizuri. Akakaa karibu yangu, mkono shingoni mwangu. "Sema ukweli tu mwanangu, hapa hakuna wa kukula." Mtaalamu akatabasamu. Akaanza na lile: nyumbani kwenu hakuna ugomvi, kweli au si kweli?
Kidole chake kikatafuta pale palipovimba. Kikapapasa. Kikatulia hapo.
Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni.
Naandika humu, daftari gotini. Nikisema Kweli, mimi ni mwongo na aproni yangu ipo. Nikisema Si kweli, labda nafasi ni yangu. Lakini bweni linafunguliwa Agosti. Kuanzia leo jioni mpaka Agosti nalala kwake.
Visigino kwenye korido. Anagonga kwa kucha, polepole.
"Mwanangu, watu wazima wanakungoja. Kwani unaandika nini humo?"
Nimesema siandiki.