Swichi Niliyokuwa Nikiizima

Kwako Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Kibakwe. Bibi yako hajambo, anapukuchua mahindi na kuulizia yule mke mwenzake aliyeko chuo cha meli, yaani wewe, ambaye siku hizi jioni simu yake haipatikani.

Unauliza kama enzi zetu meli zilikingwa kutu kwa umeme. Zilikingwa, na mimi niliponza moja.

Nilikuwa natia mafuta mashine kwenye meli ya mizigo, Tanga. Ukutani palikuwa na kisanduku kilichopeleka umeme kidogo kwenye chuma cha tumbo la meli, maji ya chumvi yasikile. Mimi sikujua. Niliona kitaa chekundu kinawaka bure, hakizungushi feni wala hakiwashi balbu. Kwetu kibatari hakiachwi kiwake bila mtu. Basi kila tulipotia nanga, nilizima.

Meli ilipopandishwa nchi kavu, tumbo lilikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Fundi mkuu akaanza kumfokea yule aliyeipaka meli rangi, akidhani rangi yake ndiyo mbovu. Ikabidi niseme.

"Ni mimi, fundi. Nilikuwa nabana umeme."

Hasira ikamwishia.

"Kijana, ule ulikuwa kazini hata tulipopumzika."

Hakunifukuza. Alinipa msasa, nikakwangua kutu kwa wiki nzima.

Basi, mjukuu wangu, nikikupigia jioni na sina habari ila za kuku na mvua, usizime simu.

Babu yako