Kiraka cha Sikio la Kushoto

Nshambya, Jumapili, Machi 1958

Tena Bukoba nzima nani mwingine ana kiraka sikioni? Daktari Mzungu aliyekuja na meli alichukua kipande cha ngozi nyuma ya sikio langu, akaziba nacho kiwambo cha ndani kilichotobolewa na usaha tangu utotoni. Jana alitoa pamba. Nimetamba mtaa mzima, lakini sikio lilikuwa kimya, nami nikaogopa, basi.

Jioni hii Mama alinifuta kidonda, kama alivyonifuta usaha miaka yote. Hunong'ona upande huo mbovu. Mimi nilikuwa nahisi pumzi yake tu, nikidhani analalamikia harufu.

Leo nimesikia. "Pona, baba yangu, nami nipate usingizi."

Sikugeuka. Nilijifanya bado kiziwi, mjanja mimi, ili aseme tena.

Akasema tena.