Mafuta ya Mbarika ya Mwanetu

Ikolo, 9 Julai 1911

Tupokigwe, mke wangu,

Mtoto amebaki nyumbani. Dada yako Subilaga alikuja kutoka Ndandalo na kaniki ya kumbebea, amchukue akae naye kwake, maana alisikia upepo wa ziwani umempasua mashavu na baba yake hana mafuta ya kumpaka.

"Shemeji, shuleni ulisoma vizuri," aliniambia, "lakini mbegu za mbarika hazisomwi."

Ni kweli, mara ya kwanza nilizikaanga mpaka zikawa nyeusi, mafuta yakanuka moshi. Leo nilizitoa zilipoanza tu kung'aa, kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa hai. Nikatwanga, nikachemsha, nikaengua mafuta taratibu. Kisha nikachovya kipande cha jani kavu la mgomba na kukitia motoni. Kikalia papapa, maana yake maji bado yamo. Nikarudisha chungu jikoni. Mara ya pili jani liliwaka kimya.

Subilaga alimpaka mtoto mwenyewe, mashavu na magoti. Akamnusa utosini. Nadhani alikunusa wewe. Mimi pia.

"Ndaga, shemeji," akanishukuru. Aliondoka na kaniki tupu begani, lakini kwanza aliomba mafuta kidogo ya visigino vyake.

Homa za masika bado naziogopa, sikufichi. Ngozi ya mtoto lakini naiweza.

Chungu chako kilichofinyangwa Ikombe kimejaa mafuta hadi shingoni. Huko uliko unikumbuke hivi, mikono ikiwa na mafuta.